Dagaa wa shangazi na habari niliyoiandika nusu



Najua nimepotea siku nyingi, na wengine mmeshaanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Ila kuna habari moja ilinikaa kooni kama mwiba wa mgebuka, nikajiapiza kwamba sitaandika kitu kingine mpaka niiteme. Leo naitema. Ni ndefu kidogo, hivyo mwenye chai yake aivute karibu.

Habari yenyewe inahusu dagaa. Msicheke! Inahusu dagaa, upepo, na mimi mwenyewe kuandika nusu ya ukweli kisha mtu mwingine akalipa gharama.

Aliyekulia Tabora anaijua treni ya kutoka Kigoma kwa pua kabla ya macho. Inakuja na mawese, inakuja na dagaa. Pale stesheni yetu reli inagawanyika. Tawi moja linakwenda magharibi mpaka Kigoma, Ziwa Tanganyika, nalo lilifika kule mwaka 1914. Jingine linapanda kaskazini mpaka Mwanza, Ziwa Victoria, nalo lilikamilika mwaka 1928. Nikiwa mdogo nilidhani maziwa hayo mawili ni kitu kimoja, tofauti yake ni treni unayopanda tu. Liwekeni hilo akilini, nitalirudia.

Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, anauza dagaa wa Kigoma sokoni Tabora tangu sijaanza darasa la kwanza. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye sado lake. Sare yangu ilinuka dagaa, na wenzangu darasani hawakuacha kunikumbusha. Leo najiita mwandishi wa habari, naandika makala, napokea bahasha ya mshahara (ikija!), lakini chini ya yote hayo kuna mwanamke mmoja amekaa juu ya kigoda anapepeta dagaa.

Sasa kosa langu.

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Gazeti nililokuwa naliandikia lilitaka habari ya haraka. Nikapiga simu mbili tatu, nikaandika: wavuvi wamekuwa wengi, nyavu za macho madogo zimezidi, samaki wachanga wanavuliwa kabla hawajataga, ziwa limechoka na sasa linapumzishwa. Mpaka hapo hakuna uongo. Ila nikamalizia kwamba likifunguliwa, dagaa watarudi kama zamani. Hakuna mtu aliyeniambia maneno hayo. Niliyaweka mwenyewe kwa sababu yalimaliza habari vizuri.

Shangazi akanipigia.

"Mwanangu, nimesomewa habari yako. Ni kweli?"

"Shikamoo shangazi. Ni kweli tupu."

"Marahaba. Yaani watakuwa kama enzi zile unabeba ndoo kichwani?"

"Kama zile zile."

Basi. Akaenda kwenye kikoba chao akakopa mkopo mkubwa kuliko wowote aliowahi kuchukua, akampa fedha mtu wake wa Kigoma kabla ya mzigo, ili ziwa likifunguliwa awe wa kwanza. Mzigo wa kwanza ukaja vizuri. Wa pili ukaja nusu. Wa tatu ukaja na maelezo marefu ya simu na magunia mawili. Marejesho ya kikoba hayasubiri maelezo ya simu. Akauza cherehani, kisha akauza kabati la sebuleni.

Nilipokwenda kumwona sikusikia lawama yoyote. Aliniambia kitu kimoja tu, huku anafunga mafungu yake: "Mimi sikukopa kwa sababu ya kikoba, mwanangu. Nilikopa kwa sababu ya neno lako."

Wadau, niligombezwa sana katika maisha yangu, lakini sijawahi kugombezwa hivyo.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba kufunga ziwa hakukusaidia. Magunia ya mchuuzi mmoja wa Tabora si takwimu ya ziwa zima linalogawanywa na nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia. Ninachosema ni kwamba niliahidi kitu ambacho sikukijua. Hivyo nikaomba likizo ya siku chache, nikakata tiketi ya treni kwenda Kigoma kujua.

Ile reli inafuata, kwa sehemu kubwa, njia ya zamani ya misafara: Bagamoyo, Tabora, Ujiji. Zaidi ya kilometa 1,000 kwa miguu. Burton na Speke walipita hapa kwetu mwaka 1857 wakaliona ziwa Februari 1858, lakini walikuwa wageni wanaofuata njia iliyokwishakanyagwa na wengine. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, babu zetu, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani. Kwenda walibeba vitambaa, shanga na nyaya za shaba, kurudi walibeba pembe za ndovu, na katika njia hiyo hiyo watu walitembezwa wakiwa wamefungwa minyororo kwenda kuuzwa. Hatuwezi kuisifia njia ile bila kulisema na hilo.

Nilipokuwa dirishani kwenye behewa, tumeshapita Urambo na Kaliua, nilikumbuka kisa kimoja tulichosoma shuleni. Mwaka 1871 vita kati ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora vilifunga njia ya Ujiji. Wakati huo Livingstone alikuwa Ujiji, mgonjwa, hana kitu, kwa kuwa mali iliyomfikia kule ilikuwa imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuitunza. Na shehena yake nyingine ilikuwa ipo! Ilikuwa imekwama huku kwetu Unyanyembe. Stanley aliikuta hapa kabla hajazunguka kusini kuikwepa vita na kumfikia mzee huyo Ujiji.

Mali ipo, lakini iko mahali pengine, na wa kuibeba hapiti. Wakati ule nilikikumbuka kama kisa cha historia tu. Sikujua kwamba nimeshaanza kuelezwa habari ya dagaa.

Asubuhi tukavuka Malagarasi, tukapita Uvinza penye chumvi, tukashuka Kigoma. Moja kwa moja nikaenda Kibirizi, mwaloni. Dagaa walikuwa wameanikwa. Mitumbwi imerudi, taa zinafutwa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa haipo, kwa kuwashia taa: zamani karabai, siku hizi taa za betri na za sola. Samaki anafuata vijidudu vinavyofuata mwanga, wavu unamsubiri chini.

Mzee mmoja alikuwa ameketi anashona wavu. Nikamwamkia, nikajitambulisha. Akanitazama.

"Mwandishi. Nyie ndio mnaoandika kwamba sisi tumemaliza samaki?"

Nikanyamaza, maana ndio sisi hasa.

"Sikatai," akasema. "Wapo wanaovua ovyo, nawajua kwa majina. Lakini binti, andika na hili. Upepo ukigoma, dagaa nao wanagoma."

Akanionyesha ziwa. Siku ile maji yalikuwa angavu, unaona mawe ya chini kabisa. Nikasema yanapendeza. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Yanapendeza kwa mtalii. Mvuvi akiona maji meupe hivi anajua hakuna kitu. Sisi tunataka upepo wa kiangazi upige, ziwa lichafuke kidogo, maji yawe na ukijani. Hapo ndipo dagaa wanakula."

Kumbe mzee yule, kwa maneno machache, alikuwa amenipa somo ambalo wanasayansi wameliandikia vitabu. Nimekaa miezi nikisoma na kuuliza wanaojua. Nitajitahidi kulieleza kama nilivyolielewa, wataalamu mtanisamehe.

Kila samaki wa ziwani, ukimfuatilia, mwisho unafika kwenye mmea. Mgebuka anakula dagaa. Dagaa anakula vijidudu mfano wa kamba wadogo kuliko punje ya mchele. Vijidudu vinakula mimea midogo mno inayoelea majini, isiyoonekana kwa macho ila ikiwa mingi maji yanakuwa ya kijani. Wataalamu wanaiita fitoplanktoni. Haina mizizi wala majani, lakini inafanya kazi ile ile ya mhindi shambani, yaani inachukua mwanga wa jua na hewa ya ukaa na kutengeneza chakula. Karibu nusu ya kazi hiyo duniani kote inafanywa na mimea hii ya baharini na maziwani. Nusu! Na sisi tunapanda miti tu na kupiga picha.

Mmea, hata uwe mdogo vipi, haushibi jua peke yake. Unahitaji naitrojeni, unahitaji fosforasi, unahitaji chuma kidogo, na baadhi yake inahitaji silika ya kujengea gamba. Na hapa kuna kanuni iliyotangazwa sana na Mjerumani Justus von Liebig katika karne ya 19: kinachoamua mmea ukue kiasi gani ni kile kilichopungua kuliko vyote, hata kama vingine vimejaa tele. Shangazi angeieleza hivi. Una gunia la unga na pipa la maji, lakini kuni zimebaki mbili. Ugali utakaopika ni wa kuni mbili. Kuongeza gunia la pili la unga hakukusaidii chochote.

Ziwa Tanganyika kuni zake ni fosforasi na naitrojeni. Na ajabu ni kwamba ziwa halina umaskini wa vitu hivyo. Vimo vingi, ila viko chini.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 panapozidi, la pili duniani baada ya Baikal kule Urusi. Mwanga unaishia juu juu. Mmea ukifa, samaki akifa, choo cha vijidudu, vyote vinazama na kwenda na virutubisho vyake. Huko chini vinaoza na kubaki. Kuanzia mita 100 mpaka 200 hivi kushuka chini hakuna oksijeni, hakuna samaki, ni ghala la giza lililojaa mbolea ya maelfu ya miaka. Juu kuna jua bila mbolea, chini kuna mbolea bila jua.

Kwa nini visichanganyike? Kwa sababu ya joto. Maji ya juu yana nyuzi 25 mpaka 28 hivi, ya chini yana 23 na kitu. Tofauti ndogo, lakini maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi, na katika nchi za joto kama yetu kila nyuzi moja inaongeza tofauti hiyo ya uzito kuliko inavyofanya kwenye maziwa ya Ulaya. Kwa hiyo maji ya juu yanaelea kama mafuta juu ya mchuzi. Ziwa Tanganyika halijichanganyi lote hata mara moja kwa mwaka.

Wa kulichanganya kidogo ni upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba hivi upepo wa kusini-mashariki, ndugu yake Kusi wa pwani, unavuma kwa nguvu juu ya ziwa na kuyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, upande wa Zambia, maji ya chini yanapata nafasi ya kupanda. Upepo ukitulia, tabaka la chini linarudi na kuyumba taratibu kusini na kaskazini kwa wiki na wiki, kama maji kwenye beseni ulilolisukuma. Kila linapoyumba, mbolea kidogo inafika juu penye jua. Mimea inachipua, vijidudu vinaongezeka, dagaa wanashiba, na treni inafika Tabora ikinuka.

Nilipolielewa hili nilimkumbuka Livingstone pale Ujiji na mali yake iliyokwama Tabora. Upepo ndio mpagazi wa ziwa hili, na mpagazi huyo siku hizi anapandishiwa mlima. Hewa imepata joto, maji ya juu yamepata joto zaidi kuliko ya chini, na tofauti ya uzito imeongezeka. Upepo ule ule sasa unachanganya kidogo kuliko zamani.

Hili si la kukisia. Vipo vipimo vya joto la ziwa vya tangu mwaka 1913. Mwaka 2003 timu mbili za watafiti zilichapisha matokeo yao, moja katika jarida la Nature ikiongozwa na Catherine O'Reilly, nyingine katika Science ikiongozwa na Piet Verburg. Timu ya O'Reilly ilisoma matope ya chini ya ziwa, ambayo yamepangana tabaka kwa tabaka kama kurasa za daftari, ikakadiria kwamba uzalishaji wa mimea hii umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba hilo lingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake wakaonyesha, tena kwa matope, kwamba mabaki ya samaki yalikuwa yameshaanza kupungua kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara kuanza miaka ya 1950.

Someni tena sentensi hiyo. Kabla ya uvuvi mkubwa. Nyavu ambazo mimi nilizipa lawama zote hazikuwa zimefika.

Wapo wanasayansi waliobisha. Walisema takwimu za samaki zinazopanda na kushuka zinaelezwa vizuri zaidi na idadi ya wavuvi kuliko joto. Hoja yao ina uzito, maana watu kandokando ya ziwa wameongezeka sana na nyavu nazo. Mimi si mtaalamu wa kuamua kesi. Lakini naona kama hoja hizi mbili hazipigani. Kama chungu kimepungua, na walaji wameongezeka, kwa nini tuchague lawama moja?

Nilirudi Tabora nikamweleza shangazi yote haya, kwa unga na kuni. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sasa kama tatizo ni mbolea, si wamwage mbolea?"

Nikamwambia shangazi, swali lako limeshaulizwa na wakubwa, tena kuhusu bahari.

Katikati ya bahari kuu, mbali na nchi kavu, kuna maeneo makubwa ambayo ni jangwa kwa habari hii. Maji yake ni ya bluu safi kwa sababu mimea ni haba. Jua lipo kutwa, virutubisho viko chini. Lakini kulikuwa na fumbo jingine. Zipo bahari, mfano zile zinazoizunguka Antaktika, ambazo naitrojeni na fosforasi zimo tele juu, na bado mimea haiongezeki. Mmarekani mmoja, John Martin, akasema kuni zilizokosekana huko ni chuma. Kiasi kidogo mno cha chuma, ambacho nchi kavu hukipeleka baharini kama vumbi. Mwaka 1988 alitania kwamba akipewa nusu meli ya chuma atawaletea zama za barafu, akimaanisha mimea itakuwa mingi na kunyonya hewa ya ukaa mpaka dunia ipoe. Alifariki mwaka 1993 kabla hajaona. Mwaka huo huo wenzake wakamwaga chuma baharini karibu na visiwa vya Galápagos, na mimea ikaongezeka.

Tangu hapo majaribio yamefanyika mengi. Mimea inaongezeka, lakini ukaa kiasi gani unazama na kubaki chini, na madhara yake ni yapi, hakuna aliyethibitisha vya kutosha. Mwaka 2012 kampuni moja ilimwaga tani 100 hivi za salfeti ya chuma nje ya pwani ya Kanada bila kushirikisha wanasayansi kwa kiasi cha kutosha, zikazuka kelele dunia nzima, na mwaka 2013 nchi zilizo katika Itifaki ya London zikakubaliana kuweka masharti makali.

"Na ziwani?" shangazi akauliza.

Ziwani jibu lipo kwenye ile reli nyingine, ya Mwanza. Ziwa Victoria lina kina cha mita 80 tu panapozidi. Kwa miaka mingi limepokea udongo wa mashamba, maji taka ya miji na mbolea inayosombwa na mvua. Mimea midogo imeongezeka mara kadhaa tangu miaka ya 1960. Mkiona maji ya kijani kizito kama rangi ya ukutani pale ufukweni Mwanza au Kisumu, ndiyo hiyo. Inakufa, inaoza, inakula oksijeni, samaki wanakosa pumzi. Magugumaji nayo yakapata sherehe yake miaka ya 1990. Ukimwaga mbolea ziwani huchagui nani aile. Na Tanganyika lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, wamezoea maji yale angavu. Ukilichafua, maji yake hukaa mamia ya miaka kabla ya kubadilika.

Kwa hiyo sisi wa Tabora tumekaa kwenye njia panda ya kweli kabisa. Reli moja inakwenda kwenye ziwa lenye njaa, nyingine kwenye ziwa lililovimbiwa.

Na pwani nako si salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba mimea hii imepungua mpaka asilimia 20 katika miongo sita magharibi mwa Bahari ya Hindi, bahari yetu hii ya Kusi na Kaskazi, kwa sababu zile zile: maji ya juu yamepata joto, ya chini hayapandi. Mwanzo wa njia ya misafara Bagamoyo na mwisho wake Ujiji, ugonjwa mmoja.

Je, tufanye nini? Sina orodha ya mapendekezo kumi. Kufunga ziwa kwa msimu nadhani kuna maana yake, tena pengine kubwa zaidi, maana ziwa linalozalisha kidogo halistahimili kuvuliwa kama lile la zamani. Lakini basi mvuvi aambiwe ukweli wote. Aambiwe anapumzisha samaki, si kwamba anarudisha miaka ya 1970. Aambiwe kwamba sehemu ya dagaa wake imechukuliwa na joto ambalo yeye, na karabai yake, na mtumbwi wake, mchango wake ni mdogo mno. Ukimtwisha mtu lawama yote, siku dagaa wasiporudi hatakuamini tena hata unapomwambia kweli.

Na mchuuzi aambiwe asikope kwa ahadi ya mwandishi.

Ile habari yangu ya 2024 haikuwa na uongo mwingi. Nikiihesabu, uongo ulikuwa sentensi moja, ya mwisho. Lakini shangazi alikopa kwa sentensi hiyo. Nilifundishwa chuoni kwamba habari inaanza na jambo kubwa na kuishia na dogo, na mhariri akikosa nafasi anakata mkia. Natamani siku ile angekata.

Mkopo tumeumaliza. Nasema tumeumaliza kwa sababu sehemu nililipa mimi, na shangazi alikataa mara mbili kabla ya kupokea. Cherehani haijarudi. Siku hizi anauza dagaa wa Kigoma na wa Mwanza pia, maana wa Mwanza bei yao ni nafuu. Kuna wenzake wanaochanganya, mteja asiyejua analipa bei ya Kigoma kwa dagaa wa Mwanza. Yeye hachanganyi. Fungu hili huku, fungu lile kule, na anamwambia mteja kabla hajauliza.

Nilipomwambia nataka kuandika haya yote, na kwamba yeye atakuwamo, alifikiri kidogo. Kisha akasema niandike, ila niandike yote, na pale nisipojua nisijaze.

Nimejitahidi, shangazi.

Ni hayo kwa leo, wadau. Mwenye kulijua ziwa kuliko mimi anisahihishe, sitanuna. Na ukipita Tabora, ukashuka treni ikiwa bado alfajiri, nenda sokoni ununue fungu moja. Uliza ni la ziwa gani. Utajibiwa kweli.

Alamsiki.